Dhahabu ya mtoni Pokot au ya mwamba Nyatike: chama chetu cha Malindi kiweke pesa wapi?

Jumamosi iliyopita, baada ya alasiri, ami yangu aliweka vitu viwili juu ya mkeka wa baraza yetu hapa Shela, Malindi. Cha kwanza ni kichupa cha dawa ya macho chenye mchanga mweusi na chenga saba za manjano chini yake. Cha pili ni jiwe jeupe ukubwa wa embe dodo, lenye mistari ya kutu, pamoja na karatasi ya maabara iliyokunjwa mara nne: gramu 38 za dhahabu kwa tani. Kichupa kimetoka kwenye mto mkavu upande wa Alale, Pokot Magharibi. Jiwe limetoka Nyatike, Migori. Chama chetu kina laki saba, na kuna watu wawili wanaotaka tuingie ubia, kila mmoja na mahali pake. Wote wanataka jibu kabla ya mwezi kwisha.

Katika ukoo huu mimi ndiye niliyesomea miamba, na nimetembea na timu za utafutaji miaka tisa, kwa hiyo swali limeangukia kwangu. Nilijibu kwa mdomo siku ile ile. Wanachama wakaniomba niandike, maana sisi si wa kwanza pwani hii kuletewa vichupa na mawe, na wengine tayari wametoa pesa.

Kwanza, kinachong'aa hapa kwetu

Sabaki ikifurika, bahari ya Malindi hugeuka rangi ya chai ya maziwa na mchanga wa ufukweni hung'aa manjano. Tulipokuwa wadogo tuliuzoa kwa vifuu tukiamini ni dhahabu. Ule ni ulanga, madini ya tabaka tabaka yaliyosafiri na mto kutoka miamba ya bara. Chini ya mji wetu kuna mawe ya matumbawe, kuna mchanga wa Magarini, na ukienda ndani zaidi kuna mawe ya mchanga ya Duruma. Yote ni mashapo, na dhahabu ya kuchimba haimo. Dhahabu waliyovaa mabibi zetu ililetwa na biashara ya bahari, na zamani za kale ilitoka nyanda za Zimbabwe ikapitia Sofala na Kilwa.

Nautaja ulanga kwa sababu kuupima ni jambo la dakika moja, na kila mwanachama anaweza kulifanya. Weka chembe juu ya kijiko, ibonyeze kwa ncha ya sindano. Ulanga huchanika kama ganda la kitunguu. Pairiti, lile jiwe la chuma na salfa linalodanganya wengi, huvunjika likawa unga mweusi. Dhahabu hubonyea kama nta na kubaki nzima. Chenga za kichupa cha ami nilizijaribu palepale barazani, na zote saba zilibonyea. Kwa hiyo dhahabu ya Alale ni ya kweli. Swali ni kiasi.

Zilivyofika pale

Anayechemsha maji ya kisima Malindi anajua birika linavyoota ukoko mweupe ndani. Ardhini kunatokea jambo la namna hiyo. Maji ya moto sana, yenye silika (madini ya mchanga) na dhahabu kidogo iliyoyeyuka, hupanda kwenye nyufa za mwamba kilomita kadhaa chini. Mgandamizo ukishuka ghafla, au maji yakikutana na mwamba wenye chuma kingi, dhahabu huganda pamoja na kwatzi, lile jiwe jeupe. Huo ndio mshipa.

Nyatike iko kwenye mkanda wa Migori, lava na mashapo ya kale yenye umri wa zaidi ya miaka bilioni 2.5, ukoo mmoja na miamba ya North Mara na Geita kule Tanzania. Si mahali papya. Dhahabu imechimbwa huko tangu miaka ya 1930, mgodi wa Macalder wa shaba na dhahabu ulifungwa 1966, na ripoti ya jiolojia ya mkanda huo ilichapishwa mwaka 1946. Anayekwambia amegundua Nyatike anakuuzia alichokikuta.

Alale ni habari nyingine. Miamba yake ni ya Ukanda wa Msumbiji, mkanda wa miamba unaopita Afrika Mashariki, uliobanwa na kupikwa upya mabara yalipogongana kiasi cha miaka milioni 600 iliyopita. Mishipa imo humo milimani, lakini tunachouziwa sisi si mshipa. Ni dhahabu iliyokwisha kutoka kwenye mwamba, mvua ikaumomonyoa, mafuriko yakaiburura hadi kwenye kokoto za mto. Dhahabu ina uzito mara 19 ya maji, na kwatzi mara mbili na nusu hivi. Mto hufanya kazi ya mama anayepepeta mchele kwenye ungo: makapi yanakwenda, kizito kinabaki. Kinabaki ndani ya kona, nyuma ya mawe makubwa, na hasa kwenye nyufa za mwamba ulio chini kabisa ya mchanga.

Mto unavyokaguliwa

Hapa ndipo mto unaponivutia: unajibu haraka, na kwa vyombo vya bei ndogo. Unahitaji karai, koleo, mizani ya sonara na mgongo imara. Unachimba mashimo kukata mto kutoka ukingo hadi ukingo, na kila shimo lifike kwenye mwamba. Wengi huishia katikati ya mchanga, wakaondoka wakisema hakuna kitu, au wakaosha kilicho juu tu wakasema kuna utajiri.

Kisha unahesabu. Karai la lita 10 linaingia mara 100 kwenye mita moja ya ujazo. Tuseme umeosha makarai 20 ya kokoto za chini, ukapata gramu 0.1. Hiyo ni nusu gramu kwa kila mita ya ujazo, na mwenye mto ataitangaza hivyo. Lakini kokoto zenye dhahabu zina unene wa nusu mita, na juu yake kuna mita tatu za mchanga mtupu. Ukichimba shimo la mita moja kwa mita moja hadi chini, umehamisha makarai 350 na umepata robo gramu. Sasa ndiyo unaweza kuuliza kama inalipa vibarua, maji na chakula.

Chenga zenyewe nazo husema. Nilizitazama kwa lenzi ya kukuza mara kumi. Tano zimelainika kingo kama kokoto ndogo. Mbili bado zina miiba, na moja kati ya hizo imeng'ang'ania kipande cha kwatzi. Chembe ikisafiri na mto mbali, hugongwa mpaka ikawa bapa na mviringo. Zile mbili zenye miiba hazijasafiri sana, kwa hiyo juu ya mto huo, pengine kwenye kijito cha pembeni, kuna mshipa. Kazi ya mtafutaji ni kupanda na karai kijito baada ya kijito, akihesabu chenga. Zikiongezeka na miiba ikazidi, anakaribia. Zikikatika ghafla, amepita chanzo, sasa aangalie mlimani. Ni njia ya kale, na mimi bado sijaona inayoishinda kwa mtu asiye na pesa nyingi.

Ubaya wake ninaujua pia. Mafuriko moja hupangua kila kitu, na ulichopima mwezi wa pili si kile utakachokikuta mwezi wa sita. Kokoto hazina mizizi: ukizimaliza zimekwisha. Na mashimo ya mchanga huua. Machimbo ya Hillo, Marsabit, serikali iliyafunga mwaka 2024, na hata baada ya hapo watu walifukiwa humo. Shimo linalopita kifua bila kuta za mbao, au bila kuchimbwa kwa ngazi, mimi siingii wala simtumi mtu.

Mwamba, na ile karatasi ya gramu 38

"Mwanangu," ami alisema, "karatasi hii si ndiyo ushahidi?"

"Ni ushahidi wa jiwe hili, ami. Mlima bado haujapimwa."

Karatasi haisemi uongo. Maabara huponda jiwe likawa unga, huchukua kiasi cha gramu 30, huuyeyusha kwenye tanuri pamoja na risasi, ile metali laini na nzito. Risasi hukusanya dhahabu, kisha risasi huondolewa kwa moto na kikombe cha majivu kinachoinywa, hubaki tone dogo linalopimwa. Ni kipimo kizuri mno. Lakini nani aliliokota jiwe? Aliyetaka kuuza. Alitembea juu ya mshipa akachagua lile lililong'aa. Isitoshe, dhahabu ya mwambani haikutandazwa sawasawa, imekaa kwa madoadoa. Embe dodo hili ukilikata mara mbili, nusu moja yaweza kusema 38 na nyingine 2.

Tuiweke gramu 38 kando, tuseme mshipa una wastani wa gramu 10 kwa tani, ambao ni mzuri. Tani moja ni mifuko 20 ya saruji. Humo ndani gramu 10 za dhahabu hazifiki hata nusu kijiko cha chai: kama punje tano za mbaazi. Sasa angalia. Mshipa wa urefu wa mita 100, unaoshuka mita 30, unene nusu mita, una karibu tani 4,000, yaani kilo 40 za dhahabu. Mshipa wa urefu wa mita 20, unaokatika kwenye mita 8, unene sentimita 30, una tani 127 hivi, yaani kilo 1.3. Ukisimama juu, mishipa hii miwili inatoa jiwe lilelile, karatasi ileile, na furaha ileile. Tofauti yote iko chini, na mishipa ya kwatzi ina tabia ya kunenepa na kukonda kama shanga kwenye uzi.

Ndiyo maana utafutaji wa mwamba una hatua, na kila hatua ni ghali kuliko iliyotangulia. Unaanza na udongo: sampuli kila mita 25 juu ya mistari iliyopangwa, unatafuta dhahabu na pia aseniki, elementi yenye sumu, maana hizo mbili hutembea pamoja. Halafu mitaro ya kukata mshipa kwa upana, na sampuli kila mita, zenye dhahabu na zisizo na dhahabu zote ziende maabara. Halafu kuchoronga, mashine inayotoa mche wa mwamba mrefu kama mua, unaopasuliwa nusu kwa urefu: nusu maabara, nusu inabaki kwenye sanduku ili mwingine aje kukagua. Mashine hulipiwa kwa kila mita, na laki saba zetu zingekwisha kabla ya shimo la kwanza kufika mahali pa maana. Baada ya yote hayo, sehemu kubwa ya matarajio duniani huachwa. Hilo ni la kawaida katika kazi hii, na anayeitafuta dhahabu kwa uaminifu hukuambia mapema.

Kuna jambo la pili ambalo wauzaji wa mwamba hawaligusi. Nililigonga jiwe la ami kwa nyundo kwenye upande usio na kutu, likatoa harufu ya kitunguu saumu, kali, mpaka mama akauliza kutoka jikoni nani anatwanga. Hiyo ni asenopairiti, madini ya chuma, aseniki na salfa. Kama dalili ni nzuri, kwa sababu dhahabu hupenda kukaa nayo. Kama biashara ni tabu. Karibu na uso wa ardhi, hewa na maji yameozesha madini hayo yakawa kutu, na dhahabu imeachiliwa, unaiosha kwa karai na unaiona. Chini ya kutu dhahabu imefungiwa ndani ya madini yenyewe, chembe ndogo kuliko jicho, na karai haliitoi. Wachimbaji hufurahi mita kumi za mwanzo, kisha wanashangaa dhahabu "imekimbia". Haijakimbia. Inataka kiwanda, na aseniki yake ni sumu inayotaka uangalizi.

Jinsi watu wanavyodanganywa, na wanavyojidanganya

Mwaka 1997 kampuni ya Kanada iitwayo Bre-X iliporomoka. Ilikuwa imetangaza dhahabu nyingi kupindukia pahali paitwapo Busang, ndani ya misitu ya Kalimantan, Indonesia, mbali na kila mtu. Wakaguzi wa nje walipochoronga karibu na mashimo yaleyale, hawakukuta kitu. Walipotazama chembe zilizokuwa kwenye unga wa sampuli za awali, waliona kingo za mviringo. Dhahabu ya mtoni, ndani ya sampuli zilizodaiwa kutoka mwambani. Ilikuwa imetiwa kwa mkono. Na kampuni ilikuwa imeponda mche wote bila kubakiza nusu, kwa hiyo hapakuwa na cha kulinganisha. Watu wengi walipoteza akiba zao.

Naikumbuka habari hiyo kila ninapoletewa unga badala ya jiwe. Mwambie muuzaji akuonyeshe nusu iliyobaki.

Makosa mengine hayana nia mbaya. Mwaka wangu wa pili kazini nilichukua sampuli za udongo nikiwa na pete ya dhahabu ya bibi yangu kidoleni. Sampuli 14 zikaonyesha dhahabu pasipo dhahabu, na mstari mzima ukarudiwa kwenye jua la mchana. Udongo hupimwa kwa sehemu kwa bilioni, na mkwaruzo wa pete unatosha kuleta ndoto. Tangu siku hiyo pete hukaa nyumbani Malindi, kwenye kikasha cha mama.

Njia, maji, watu na vibali

Safari haitofautishi sana: kote ni siku mbili kwa basi kutoka Malindi. Tofauti inaanza ukishuka. Nyatike utapata duka, fundi, umeme karibu, na zahanati. Alale, karibu na mpaka wa Uganda, unabeba chakula chako, na wakati wa kiangazi maji ya kuoshea kokoto yanashindana na maji ya mifugo. Kikundi kitakachomwaga maji ya ng'ombe kwenye karai hakitakaa wiki, na ni haki.

Zebaki siitaki popote. Inafanya kazi haraka, inakusanya chenga, na unapoichoma moshi wake unaingia kichwani mwa aliyekaa karibu na ndani ya samaki wa mto. Mkataba wa Minamata wa mwaka 2013 ulitungwa kwa ajili ya madhara haya. Mbia anayesema bila zebaki haiwezekani, kwangu amejitoa.

Kwa sheria, madini yote ni mali ya taifa. Sheria ya Madini ya mwaka 2016 inawapa wachimbaji wadogo, raia tu, kibali cha miaka mitatu kinachoweza kuongezwa muda, na mrabaha unagawanywa asilimia 70 serikali kuu, 20 kaunti, 10 jamii inayoishi pale. Kwenye ardhi ya jamii lazima ridhaa yao ipatikane. Ramani ya vibali iko mtandaoni na mtu yeyote anaweza kuifungua. Nilifungua. Kikundi cha Alale kina kibali, namba inalingana na waliyotupa. Wa Nyatike namba hatujaipata. Kila tukipiga simu tunaambiwa faili liko Nairobi.

Mimi nachagua mto, kwa masharti

Kama swali lingekuwa wapi kuna dhahabu nyingi zaidi, ningesema Nyatike bila kusita. Miamba ni bora, historia ipo, na siku moja mshipa ule waweza kuwa ule wa kilo 40. Lakini swali la Nyatike linagharimu pesa ambazo hatuna, na tukiingia tutakuwa tumenunua karatasi ya jiwe moja. Swali la Alale tunaweza kulijibu wenyewe kwa siku kumi, kwa mikono yetu, na tukikuta hakuna tutakuwa tumepoteza nauli na chakula.

Kwa hiyo nimependekeza laki moja na nusu zitumike kwa ukaguzi wa mto tu, na shilingi ya ubia isitoke mpaka mashimo yafike mwambani na hesabu ya robo gramu ifanyike mbele ya watu wetu na wao. Mashimo sita, mistari miwili, kila karai limeandikwa. Chenga zenye miiba zikizidi kwenye kijito fulani, tukubaliane na wenyeji kuhusu mlima ulio juu yake kabla mtu mwingine hajafika na mkoba.

Kwa mtu wa Nyatike nimetuma ujumbe wa maneno machache: namba ya kibali, mtaro mmoja unaokata mshipa kwa upana wote, na sampuli za kila mita tutakazochukua sisi wenyewe na kuzipeleka maabara sisi wenyewe. Akikubali, tutazungumza tena. Mpaka naandika hapa hajajibu.

Tunaondoka watatu baada ya Idi. Karai mbili zimenunuliwa sokoni Malindi na nimezichoma motoni kuondoa mafuta, maana chembe nyembamba za dhahabu huelea juu ya karai lenye mafuta. Mizani nimeazimwa na sonara wa mjini, na sumaku ya kuondolea mchanga mweusi ninayo. Ami amesema naye atakuja. Nimemwambia avae viatu vya kufunga, na pete yake aiache nyumbani, hata kama ni ya fedha.